Shamba Ambalo Mnunuzi Huchuma Mwenyewe

Katika nchi ya Uingereza, hasa majimbo ya kusini kama Kent, yako mashamba ya matunda ambayo mwenyewe hachumi mazao yote ili ayapeleke sokoni. Hufungua lango, na wanunuzi huja pamoja na watoto wao, wakachuma, wakapimiwa na kulipa. Mashamba hayo yalienea sana katika miaka ya 1970, wakati familia nyingi zilipochuma kwa wingi ili kupika jamu au kuhifadhi matunda katika majokofu ya nyumbani. Marekani nako desturi hiyo ipo, na mwaka 1976 ilitungwa sheria ya kuhimiza wakulima wauze mazao yao kwa walaji moja kwa moja.

Kwa mpita njia, jambo hili ni matembezi tu. Kwa katibu wa chama ni namna ya kuuza. Na kila namna ya kuuza yaweza kumfaa mkulima au kumpunja.

SABABU YAKE

Stroberi ni tunda laini, na likishachumwa haliendelei kuiva. Kwa hiyo halina budi kuchumwa likiwa limeiva, tena kwa mkono, na kufikishwa kwa mlaji upesi. Ujira wa wachumaji, vyombo na uchukuzi hula sehemu kubwa ya bei. Mnunuzi akichuma mwenyewe, gharama hizo hupungua. Mkulima aweza kuuza kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani, na bado akabakiwa na zaidi.

FAMILIA IKIFIKA SHAMBANI

Familia ikifika langoni, jambo la kwanza ni mizani. Kikapu chao hupimwa kikiwa kitupu, na uzito wake huandikwa. Kisha mtumishi wa shamba huwaonyesha mstari wa kuanzia, ambao kwa kawaida huwekwa alama mahali walipoishia wachumaji waliotangulia. Mpango huo una maana. Watu wakiachwa watawanyike, kila mmoja atachagua matunda makubwa ya karibu na njia, na mengine yatabaki yakaoza. Tunda lililooza likiachwa juu ya mche hueneza ukungu wa kijivu kwa yale mazima.

Watoto hufundishwa kuchuma. Stroberi haivutwi: kikonyo hukatwa kwa ukucha, tunda likashikwa kidogo tu. Chini ya miche hutandikwa majani makavu ya ngano, ili tunda lisiguse udongo. Tofaa huinuliwa juu na kuzungushwa kidogo. Likiwa limekomaa huachia lenyewe pamoja na kikonyo chake. Miti ya matofaa katika mashamba hayo ni mifupi, kwa kuwa imepandikizwa juu ya mashina yasiyorefuka. Mashina ya namna hiyo yalichaguliwa na kuenezwa na kituo cha utafiti cha East Malling, kilichoanzishwa Kent mwaka 1913. Kwa hiyo hata mtoto huyafikia matunda bila kupanda mti.

Wakati wa kutoka kikapu hupimwa tena. Kama kitupu kilikuwa gramu 400, na sasa ni kilo 3, matunda ni kilo 2 na gramu 600. Ndiyo hayo yanayolipiwa, wala si zaidi. Uzito wa chombo usipotolewa, mwenye vikapu 10 vya namna hiyo atalipia kilo 4 za kikapu, na hatarudi tena.

HASARA ZAKE

Mkulima naye aweza kupata hasara. Wako wanaokula mstarini mpaka wakashiba, kisha wakalipia konzi moja. Kadiri miaka ilivyopita, wageni wengi walikuja kwa ajili ya kutembea kuliko kununua kwa wingi. Kwa sababu hiyo baadhi ya mashamba hutoza kiingilio, na mengine hukikata katika bei ya matunda. Mvua ikinyesha siku ya mapumziko, wanunuzi hawaji, lakini matunda hayangoji. Tena shamba lililonyunyizwa dawa haliwezi kufunguliwa kabla ya siku zilizoagizwa kwa dawa hiyo kutimia.

FUNZO KWA VYAMA VYETU

Si kila zao lafaa kuuzwa hivi. Machungwa ya Muheza mara nyingi huwa juu ya miti mirefu, na kumpandisha mgeni mtini ni kutafuta ajali. Tena mnunuzi wa namna hii hutoka mjini, naye hataki njia mbovu wala safari ya siku nzima. Lakini yako mambo matatu ambayo chama chochote cha wakulima wa matunda chaweza kuyachukua.

Kwanza, mizani. Mkulima anayeuza matunda yangali mtini kwa kukadiria kwa macho hushindana na mfanyabiashara ambaye kazi yake ni kukadiria. Mara nyingi atakayekosea ni mkulima. Afadhali yahesabiwe au yapimwe, mbele ya pande zote mbili.

Pili, masharti yatangulie. Bei, mahali pa kuchuma na namna ya kuchuma viandikwe ubaoni kabla mtu hajaingia shambani. Chungwa likivutwa kwa nguvu huchanika ngozi penye kikonyo, likaoza njiani. Mnunuzi anayeleta wachumaji wake aambiwe mapema kwamba matunda watakayoyaharibu atayalipia.

Tatu, stakabadhi. Kila kikapu kinachotoka kiandikwe: tarehe, uzito wa chombo, uzito wa matunda, bei na fedha iliyopokelewa. Jioni katibu alinganishe nakala za stakabadhi na fedha zilizomo sandukuni, kabla hazijalala.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba lililofunguliwa kwa wageni ni mali inayotoka mikononi mwa watu wengi kwa wakati mmoja. Likiwa na mizani ya haki na daftari safi, mgeni ataondoka ameridhika, na mwanachama atajua jasho lake limekwenda wapi.