Uuguzi wa watoto wenye sindromu ya pombe ya kijusi

Uuguzi wa watoto wenye sindromu ya pombe ya kijusi ni huduma ambayo wauguzi na wakunga huwapa watoto walioathiriwa na pombe tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Hali hiyo haina tiba, lakini mtoto anayetambuliwa mapema na kulelewa katika nyumba tulivu huendelea vizuri zaidi kuliko yule anayeadhibiwa bila kueleweka.

Chanzo na dalili

Pombe anayokunywa mjamzito hupita katika kondo la nyuma na kumfikia kijusi, ambaye ini lake bado halijakomaa kuivunja. Aina ya pombe haileti tofauti: bia, mvinyo, gongo, mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa na tembo la mnazi la pwani zote zina madhara. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Mtoto anaweza kuwa na macho mafupi kwa upana, mdomo wa juu mwembamba na sehemu iliyo kati ya pua na mdomo isiyo na mfereji. Hukua polepole, kichwa chake huweza kuwa kidogo, na baadaye hupata shida ya kukumbuka, kuhesabu na kujizuia.

Historia

Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Lyons Jones na David W. Smith wa Seattle, Marekani, waliipa hali hiyo jina lake. Barani Afrika imechunguzwa hasa katika Rasi Magharibi, Afrika Kusini, ambako zamani vibarua wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo.

Kazi ya muuguzi kliniki

Kinga huanza katika kliniki ya wajawazito. Muuguzi humwuliza kila mama swali lilelile kuhusu pombe, faraghani na bila kumlaumu. Jambo hilo lina uzito wa pekee Zanzibar, ambako wakazi wengi ni Waislamu na unywaji ni aibu kubwa: mama wa Mtoni au Mji Mkongwe anayeogopa kusemwa mtaani ataficha, na mtoto wake atakosa msaada. Anayeshindwa kuacha apelekwe kwa wataalamu, kwa mfano katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu, kwa sababu mlevi wa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege.

Baada ya kuzaliwa, muuguzi hupima uzito, urefu na mzunguko wa kichwa, na kuandika vipimo katika kadi ya mtoto. Mtoto anayenyonya kwa udhaifu hulishwa kidogo kidogo mara nyingi, mahali pasipo kelele wala mwanga mkali. Moyo, macho na masikio huchunguzwa pia. Kwa kuwa utapiamlo, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, huweza kuleta dalili zinazofanana, muuguzi hathibitishi ugonjwa peke yake, bali humpa rufaa kwa daktari wa watoto, kwa mfano katika Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Nyumbani na shuleni

Muuguzi huwafundisha wazazi na bibi wanaolea kufuata ratiba ileile kila siku, kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, kutumia picha na kurudia bila kuchoka. Mtoto aliyetumwa dukani kununua sukari na chumvi, akarudi na kimoja au mikono mitupu, huenda amesahau kweli, si mkaidi. Kumchapa hakumwongezei kumbukumbu.

Wazazi wakikubali, muuguzi huzungumza na mwalimu ili mtoto akae mbele, apewe kazi fupi na mapumziko zaidi. Siri ya mama hailazimiki kutajwa. Mwalimu anahitaji kujua mahitaji ya mtoto tu.

Siku ya kimataifa

Tangu mwaka 1999 tarehe 9 Septemba, siku ya tisa ya mwezi wa tisa, huadhimishwa duniani kukumbusha miezi tisa ya ujauzito bila pombe.