Majonzi, mapafu na umri wa miaka 49: Tiba ya Kichina inavyomtazama mwanamke

KATIKA tiba ya jadi ya Kichina, jani linalopukutika, mfiwa anayelia na mwili wa mwanamke unaoacha kupata hedhi husomwa kwa kanuni moja. Yote matatu huhesabiwa kuwa ni mwendo wa kurudi ndani, baada ya kipindi kirefu cha kuchanua.

Kanuni hiyo ina umri wa takriban miaka 2,000. Imo katika Huangdi Neijing, mkusanyiko wa maandishi ya tiba uliopewa jina la Mfalme wa Manjano, ambao hadi leo husomwa na wanafunzi wa vyuo vya tiba asilia nchini China.

Kwa mujibu wa maandishi hayo, kila majira yana kiungo chake na hisia yake. Majira ya majani kupukutika, ambayo kwa kalenda ya Kichina huanza Agosti 7 au 8, ni ya mapafu. Hisia yake ni majonzi, rangi yake ni nyeupe na hali yake ya hewa ni ukavu. Katika miezi hiyo mitatu, watu wanashauriwa kulala mapema, kuamka na jogoo na kutuliza nia zao.

Uhusiano wa mapafu na majonzi hauhitaji elimu kubwa kuuona. Aliyefiwa hushusha pumzi kila mara, sauti humpungua na kifua humbana. Wachina wa kale walisema kuwa hasira huipandisha nguvu ya uhai, wanayoiita qi, ilhali majonzi huimaliza. Hawakuhesabu kulia msibani kuwa ni ugonjwa; walichokiogopa ni majonzi yanayokaa muda mrefu bila kuondoka.

Kuhusu mwanamke, maandishi hayo hayo yanahesabu maisha yake kwa vipindi vya miaka saba. Akiwa na miaka 7 hubadilisha meno, na akiwa na miaka 14 huvunja ungo. Hufikia kilele cha nguvu zake akiwa na miaka 28, na kuanzia 35 uso huanza kusinyaa. Afikapo miaka 49 hedhi hukoma. Hesabu hiyo haikupotea mbali, kwani Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55.

Hifadhi ya nguvu za uzazi, kwa nadharia hiyo, imo katika figo, ambazo ni kiungo cha maji. Hifadhi ikipungua, maji hayatoshi tena kuupoza moto wa mwili. Ndivyo tabibu wa Kichina anavyoeleza joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi.

Hapo ndipo majonzi na kukoma hedhi vinapokutana. Katika mpangilio wa asili tano, yaani mti, moto, udongo, metali na maji, metali huzaa maji. Mapafu ni metali na figo ni maji, kwa hiyo mapafu ni mama wa figo. Mwanamke anayefiwa akikaribia miaka 50, umri ambao wengi huzika wazazi wao na watoto huanza kuhama nyumbani, huonekana amepungukiwa mara mbili.

Dawa mojawapo ya hali hiyo inanasibishwa na Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa utawala wa ukoo wa Han, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Dibaji yenye jina lake inaeleza kuwa ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na kwamba theluthi mbili kati yao walikufa katika muda usiofikia miaka kumi. Kwa mwanamke anayehuzunika, anayetaka kulia kila mara na kupiga miayo mfululizo, aliandika dawa ya vitu vitatu tu: ngano, mzizi mtamu wa urukususu na tende nyekundu za Kichina, tunda lililo jamii moja na kunazi za pwani. Matabibu wa Kichina bado huitoa kwa wanawake wanaokoma hedhi.

Tiba ya Kichina si ngeni Afrika Mashariki. Madaktari wa kwanza kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964, na mwaka 1987 wataalamu wa nchi hiyo walianza kuwatibu wagonjwa wa Ukimwi katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa dawa zao za asili.

Hata hivyo, majira hayakusafiri nao. Kamusi huyataja majira ya majani kupukutika kuwa ni vuli, lakini vuli ya Mswahili ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ilhali sifa kuu ya majira hayo huko China ni ukavu. Msomaji anayeambiwa ale peasi ili kulainisha mapafu wakati wa vuli anaweza kuwa ameketi dirishani akitazama barabara iliyojaa maji.

Swali zito zaidi ni kama dawa hizo zinafanya kazi. Mzizi wa danggui, maarufu kwa matatizo ya wanawake, ulipimwa nchini Marekani katika utafiti wa mwaka 1997 uliohusisha wanawake 71 kwa wiki 24. Ukitumiwa peke yake, haukupunguza joto la ghafla kuliko kidonge kisicho na dawa, ingawa matabibu wa Kichina husema kuwa wao huuchanganya na mimea mingine.

Nchini Australia, wanawake 327 walipewa tiba ya sindano, baadhi kwa njia halisi na wengine kwa njia ya kuigiza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa makundi yote mawili yalipata nafuu ya karibu asilimia 40, bila tofauti kati yao. Huenda kulazwa, kusikilizwa na kuguswa na mtu makini ni sehemu kubwa ya tiba yenyewe, na kwa aliyefiwa hilo si jambo dogo.

Madhara nayo yapo. Danggui inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliripoti kuharibika kwa figo za wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya Brussels, baada ya mmea mmoja wa Kichina kuchanganywa na mwingine wenye sumu. Waliodhurika walizidi 100, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo.

Zipo pia dalili ambazo hazipaswi kusubiri mzizi wala sindano. Mwanamke aliyemaliza miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu anatakiwa kwenda hospitali kuchunguzwa, kwa kuwa damu hiyo inaweza kuwa ishara ya saratani ya mfuko wa uzazi. Aidha, mfiwa anayefikia kutaka kujidhuru anahitaji kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.