Kuteua na Kusawazisha Maumbo katika Mchoro wa Matawi

Yeyote aliyepitia somo la sarufi anaujua mchoro wa matawi: S hugawika kuwa KN na KT, navyo vikundi hivyo hugawika hadi tukayafikia maneno yenyewe. Katika mchoro huu, mahali pa neno ni sehemu ya hoja. Kivumishi kikisogea kidogo kutoka chini ya KN hadi chini ya KT, uchanganuzi mzima umebadilika. Nayasema haya kwa uchungu kiasi. Mimi, mwanafunzi wa fasihi, niliwahi kupewa kazi ya kuandaa michoro ya toleo moja la jarida, na baada ya kuchapishwa mhadhiri mmoja akaniuliza tangu lini "wetu" ikawa tanzu ya kikundi tenzi katika sentensi "Mgeni wetu amefika jana". Sarufi niliijua; nisichokijua ni programu niliyoitumia.

Programu yenyewe ni Inkscape, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hupatikana bila malipo. Ni programu ya vekta, yaani kila umbo huhifadhiwa kama maelezo ya kihisabati wala si kama vitone vya rangi. Kwa hivyo kila herufi N, kila neno na kila mstari ni umbo linalojitegemea, linaloweza kuteuliwa na kusogezwa peke yake. Humo ndimo mlimo neema, na humo ndimo nilimokwama.

Kuteua umbo moja ni rahisi: unalibofya kwa kipanya. Ukitaka kuongeza la pili, unabonyeza Shift huku ukilibofya. Ukilibofya tena vivyo hivyo, linatolewa. Njia ya tatu ni kuburura kipanya kuanzia mahali patupu ili kuchora kisanduku cha kuteulia. Hapa ndipo nilipoteleza. Kisanduku hicho huteua tu maumbo yaliyomo ndani yake kikamilifu. Ncha ya mstari ikibaki nje, mstari wote umeachwa. Nilikusudia kuisogeza KN na matawi yake kushoto. Nikaisogeza KN na N, V na "wetu" vikabaki nyuma, jirani kabisa na KT. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kisehemu nakifanya kikundi kwa Ctrl na G, kisha nakibofya kama umbo moja.

Sasa tuje kwenye kusawazisha. Dirisha lake hufunguliwa kwa Shift, Ctrl na A. Swali la kwanza la kujiuliza ni: tunasawazisha kwa kulinganisha na nini? Programu hukuruhusu kuchagua ukurasa, umbo kubwa kuliko yote, umbo lililoteuliwa kwanza au lile la mwisho. Kwa mchoro wa matawi napendelea la mwisho, kwa kuwa umbo hilo halisogei. Mengine ndiyo hulifuata. Nikitaka N ikae juu ya "mgeni", nateua N, kisha "mgeni", halafu naamuru vitovu vyao vikae kwenye mhimili mmoja wa wima. KN nayo hukaa katikati ya N na V iwapo hizo mbili zimekwisha kufanywa kikundi, na kikundi hicho kikateuliwa mwisho.

Kusambaza ni jambo jingine. Maumbo mawili ya pembeni hubaki yalipo, na yaliyo kati yao hugawiwa nafasi. Lakini nafasi ipi? "Amefika" ni neno refu kuliko "jana". Ukilinganisha umbali wa vitovu, mapengo kati ya maneno hayatalingana. Ukilinganisha mapengo, vitovu havitalingana. Mimi husambaza maneno kwa mapengo kwanza, kisha nikazipandisha alama za N, V, T na E juu ya maneno yake. Anayeanza na alama hujitafutia kazi mara mbili.

Kuna mtego mwingine ambao wapenzi wa maandishi watauona upesi. Maneno yakisawazishwa kwa kingo za chini, "mgeni" na "jana" hupanda juu ya wenzao, kwa sababu g na j zina mikia inayoteremka chini ya mstari, ilhali "wetu" na "amefika" hayana mkia wowote. Dirisha lilo hilo lina kitufe cha kusawazisha maandishi kwa mstari wa msingi, ule unaokaliwa na herufi. Tumia hicho.

Matawi huchorwa mwisho, maneno yakisha kutulia. Kabla ya kuipeleka kazi kwa mchapishaji, teua maandishi yote uyageuze kuwa njia kwa Shift, Ctrl na C, maana huenda tarakilishi yake haina fonti yako. Ila weka nakala ya awali kando: maandishi yakishageuzwa, "wetu" haiwezi tena kuhaririwa kama neno.