Sura ya 5: Amani Hupangwa

Nchini Marekani, mambo mengi yanayomgusa mtu wa kawaida hayaamuliwi Washington. Mishahara ya walimu, fidia ya aliyeachishwa kazi, masharti ya kupiga kura, hata nani apate Medicaid, ile bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, kwa sehemu kubwa yako mikononi mwa bunge la jimbo, katika jengo ambalo wananchi wengi hawajawahi kulikanyaga. Kwa hiyo swali la kwanza la mwandaaji ni hili: kalamu anayo nani? Mkiandamana mbele ya mlango usiohusika, hata mkiwa elfu kumi, mtakuwa mmenyoosha miguu tu.

Haki ya kukusanyika mbele ya jengo hilo iliwahi kugombewa hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 2 Machi 1961, wanafunzi weusi 187 walikutana katika kanisa la Zion Baptist mjini Columbia, South Carolina, kisha wakaelekea kwenye viwanja vya bunge la jimbo kupinga ubaguzi wa rangi. Hawakwenda kwa mkupuo. Walijigawa makundi ya watu kama 15, wakaingia viwanjani na kuzunguka na mabango yao kwa utaratibu. Baadaye polisi waliwapa dakika 15 wawe wametawanyika. Wao wakaimba, wakapiga makofi na kukita miguu chini. Walikamatwa wote na kutiwa hatiani kwa kuvuruga amani.

Mwaka 1963, katika kesi ya Edwards dhidi ya South Carolina, Mahakama ya Juu ilifuta hukumu hizo kwa kura 8 dhidi ya 1. Wengi hukumbuka ushindi. Mimi nawaomba wasomaji waangalie kilichouleta. Ushahidi ulionyesha kwamba hapakuwa na vurugu wala vitisho, si kutoka kwa wanafunzi wala kwa watazamaji, na kwamba polisi waliokuwepo walitosha. Upande wa mashtaka haukuwa na la kushika. Utulivu ule haukuwa bahati, kwani watu 187 hawajigawi kwa makundi ya 15 bila mtu kukaa na kupanga.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Bayard Rustin, aliyeandaa maandamano ya haki za raia ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 kwa muda usiozidi miezi miwili. Watu kama 250,000 walifika. Rustin alihangaika na vyoo, maji ya kunywa, maegesho ya mabasi, hata mikate. Mwongozo alioutoa uliwashauri watu waje na chakula kisichoharibika kwa joto, na mayonezi ilipigwa marufuku kwa sababu hiyo. Alidai vipaza sauti vya hali ya juu, kwa hoja kwamba utulivu hauwezi kudumishwa pale watu wasiposikia. Askari weusi wa New York waliokuwa mapumzikoni walifunzwa kusimamia watu bila bunduki. Msimamizi wa aina hiyo, avae fulana ya rangi inayoonekana, ana kazi moja ngumu: mchokozi akija, asibishane naye. Asimame kati yake na waandamanaji, ampe mgongo mchokozi, awaangalie watu wake. Anayedhani hilo ni rahisi ajaribu kutukanwa kwa saa nzima bila kugeuka. Ndiyo maana mazoezi hufanywa kabla, wengine wakiigiza matusi.

Kuhusu kibali sina mengi: omba mapema, jua saa na mipaka, nakala iwe mfukoni mwa zaidi ya mtu mmoja.

Kalenda inahitaji akili zaidi. Huko Raleigh, North Carolina, wabunge wa jimbo walikuwa wakirejea kazini Jumatatu jioni. Mchungaji William Barber, aliyekuwa akiongoza tawi la jimbo hilo la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, aliichagua siku hiyo kwa maandamano ya kila wiki kuanzia tarehe 29 Aprili 2013. Bunge lilikuwa limekataa kupanua Medicaid na limepunguza kiwango cha juu cha fidia ya ukosefu wa kazi kutoka dola 535 kwa wiki hadi 350. Siku ya kwanza walikamatwa waandamanaji 17. Kikao kilipofungwa, waliokamatwa walikuwa wamepita 900. Kurudi kila wiki kulifanya kile ambacho tamasha moja kubwa lisingeweza: mwandishi wa habari alijua atarudi, na mbunge alijua atawakuta.

Waliokamatwa walikuwa wamejitolea. Hapa wanaharakati wapya huteleza, kwa kudhani kila aliyekuja yuko tayari kwa pingu. Anayeingia ndani ya jengo na kukataa amri ya kuondoka atengwe mapema na anayebaki uwanjani, na azungumze na mwanasheria kwanza. Kwa mkimbizi kutoka Kongo anayesubiri uraia wa Marekani, jambo hili ni zito: fomu ya maombi inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Huyo ana nafasi jukwaani, ana nafasi kwenye maji na mabango. Asisukumwe mlangoni kwa kuonewa aibu.

Siku inayofuata ndiyo hupuuzwa zaidi. Huandaliwa siku ya maandamano yenyewe: getini pawe na karatasi ya majina na anwani, ili usiku huohuo orodha ipangwe kwa majimbo ya uchaguzi. Wajumbe watano wanaoingia ofisini kwa mbunge wao na namba ya muswada mkononi husikilizwa kuliko wageni mia kutoka kwingine.

Na matokeo? Medicaid ilipanuliwa North Carolina kwa sheria iliyosainiwa na gavana Roy Cooper tarehe 27 Machi 2023, ikipitishwa na bunge lililokuwa bado chini ya chama cha Republican, kama mwaka 2013. Hospitali zilishinikiza, na fedha za nyongeza zilizoahidiwa na serikali kuu tangu 2021 zilishawishi. Siwezi kuwapa waandamanaji wa Jumatatu sifa yote. Lakini katika miaka ile karibu kumi, hawakuiacha hoja ilale. Bima ilianza kutolewa tarehe 1 Desemba 2023.