Unataka ngoma ibambe kwa spidiboti? Soma hii kabla ya kutoboa mashimo

Jumamosi jioni pale kriki ya Mtwapa unaskia boti kabla ya kuiona. Noma ni kwamba kwa boti mob unachoskia si ngoma, ni kelele. Bezi imepotea, sauti za juu zinakwaruza masikio, na msee wa usukani ameongeza volyumu hadi mwisho akidhani itasaidia. Haisaidii.

Kama una boti, ama wewe ni kapteni wa kubeba watalii, ama ni fundi wa nganya umeitwa Coast kupiga kazi, hii story ni yako. Mziki wa boti si kama mziki wa matatu. Na ukikosea, hasara si doo peke yake.

Mbona spika za gari hufa haraka kwa maji

Spika mob za gari zina koni ya karatasi, na pale pembeni kuna sponji. Karatasi ikinyonya unyevu inalegea. Chumvi ya bahari inakula vichwa vya waya, halafu jua linamalizia sponji hadi inakatika kama biskuti. Miezi michache tu na spika imeanza kukohoa. Kwa maji baridi kama Naivasha ama Kisumu utaepuka chumvi, lakini jua na mawimbi bado yako palepale.

Spika ya boti yenyewe ina koni ya plastiki, ukingo wa mpira, na vyuma visivyoshika kutu. Plastiki yake pia imewekwa dawa ya kuzuia miale ya jua. Hapo ndipo doo yako inaenda, si kwa zile taa za rangi.

Sasa ukiwa dukani, usiamini boksi juu limechorwa mawimbi. Cheki nambari za IP. IPX5 inamaanisha spika inahimili maji ya kurushwa kwa mpira. IPX6 inahimili maji ya nguvu zaidi. IPX7 inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 na isidhurike. Kama boksi halina nambari yoyote, muuzaji hana la kukuambia.

Wati: usichezewe

Boksi linaandika wati 500 kwa herufi kubwa. Hiyo ni ile nguvu ya mpigo mmoja, sekunde haijaisha. Unayotaka kujua ni ile inaitwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inabeba muda wote bila kuungua. Mara nyingi utaipata kwa herufi ndogo, na ni chini sana ya ile ya kwanza.

Kuna nambari ingine wasee wengi huruka: usikivu wa spika, unaopimwa kwa desibeli. Hapa kuna hesabu tamu. Desibeli 3 zaidi ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Kwa hivyo spika ya desibeli 91 ukiipa wati 50 itatoa sauti sawa na spika ya desibeli 88 iliyopewa wati 100. Ukichagua vizuri, unaokoa amplifaya na unaokoa betri.

Mbona hii ni muhimu zaidi kwa boti? Ndani ya nganya sauti inagonga bati na vioo inarudi kwako. Kwa boti hakuna bati, sauti inaenda zake baharini. Ukiwa mahali wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili unapoteza karibu desibeli 6. Ongeza upepo na injini, unaelewa mbona spika mbili za mbele haziwafikii walioketi nyuma. Dawa si kupandisha volyumu. Weka spika nne ama sita, karibu na watu, kila moja ikiimba polepole. Saizi ya inchi 6.5 ndio ya kawaida na inatosha boti nyingi.

Na bezi? Bezi inataka hewa iliyofungwa nyuma ya spika. Kama nyuma kuko wazi, sauti ya nyuma inakutana na ya mbele zinauana, unabaki na kelele nyembamba. Mara nyingi kuziba uwazi huo, ama kuweka kasha dogo, kunarudisha bezi kabla hujanunua wufa.

Betri: hapa ndipo watu hukwama, literali

Tupige hesabu. Una amplifaya ya kulisha spika nne, kila moja wati 75. Hiyo ni wati 300. Amplifaya za kisasa hupoteza kama sehemu moja ya tano kwa joto, kwa hivyo inavuta karibu wati 375 kutoka kwa betri. Gawanya kwa volti 12.5, unapata ampea 30 ukiwa umefungulia kabisa. Kwa mziki wa kawaida, chukua theluthi yake, ampea 10.

Betri ya kawaida ya saa-ampea 100 haifai kushuka chini ya nusu, kwa hivyo una 50 za kutumia. Ngoma ya kawaida na injini imezimwa: saa tano. Ukifungulia kabisa: hata saa mbili hazifiki.

Sasa skia. Kama betri hiyo hiyo ndiyo inawasha injini, umejichimbia shimo. Nganya ya Rongai ikizima barabarani unashuka, unadandia ingine, unamlaani makanga, story imeisha. Boti ikizima nje ya mwamba wakati maji yanatoka, hakuna stage. Mkondo unakubeba, mbogi yote iko ndani, watoto wakiwemo, na giza linaingia.

Kwa hivyo weka betri mbili. Moja ni ya injini, haiguswi na mziki hata kwa dakika moja. Ya pili ni ya ngoma. Katikati weka swichi ya kuchagua, ama ile relei inayounganisha betri zote wakati injini inachaji na kuzitenganisha ikizimwa. Pia jua injini yako inachaji kiasi gani. Injini ndogo ya kuvuta kamba huenda haichaji chochote, na nyingine ndogo zinachaji ampea chache tu. Hapo hata amplifaya kubwa ni ndoto.

Waya, fiuzi na petroli

Waya wa boti unafaa kuwa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu ikikutana na chumvi inageuka kijani na nyeusi, umeme unapungua, na kiungo kinaanza kupata moto. Nunua waya mnene kulingana na urefu, kwa sababu waya mwembamba na mrefu unakula volti.

Fiuzi ya waya wa chanya ikae karibu kabisa na betri, si kando ya amplifaya. Fiuzi inalinda waya. Kama iko mwisho wa safari, waya ukichubuka katikati ukagusa chuma, hakuna kitu cha kuukata.

Kama boti yako inatumia petroli, elewa hii: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini ya sakafu. Cheche moja inatosha. Amplifaya na relei zisikae karibu na tangi wala chini kule maji hukusanyika.

Kabla drili iingie

Pima kina cha spika na uangalie kuna nini nyuma ya ukuta: tangi, kebo ya usukani, ama bomba. Usitoboe karibu na mstari wa maji. Kama ukuta ni faibaglasi yenye mbao ama povu katikati, paka gundi ya epoksi kwenye ukingo wa shimo, la sivyo maji yataingia na mbao itaoza polepole bila wewe kujua.

Halafu kuna dira. Spika ina sumaku kubwa, na sumaku inavuta sindano ya dira. Jaribio ni rahisi: kabla ya kutoboa, shika spika pale unapotaka kuiweka na mwenzako aangalie dira. Ikisonga hata kidogo, tafuta mahali pengine. Dira ikikudanganya mchana huenda usijue. Usiku utajua.

Volyumu pia ina adabu

Kapteni lazima askie mambo mawili: mtu akipiga kelele yuko majini karibu na propela, na redio ya VHF, chaneli 16, ambayo ndiyo ya dharura. Kwa hivyo spika za karibu na usukani ziwe na volyumu yake ya kando, na unapokaribia waogeleaji zima kabisa. Sauti pia hutembea mbali juu ya maji. Ukipita mbele ya mji wa Lamu saa ya swala na ngoma imefunguliwa, utajua hujui. Na kisheria, kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA zipo.

Ganji ikiwa kidogo, anza wapi?

Betri ya pili na swichi ndio kwanza. Halafu waya na fiuzi. Kisha spika zenye usikivu mzuri. Amplifaya inafuata. Wufa na taa ni za mwisho kabisa, na ukizikosa hakuna atakayelia.

Fundi akimaliza, usimlipe zote hapo hapo. Funga boti gatini, zima injini, piga ngoma saa mbili kwa volyumu ya sherehe. Gusa fiuzi na viungo vya waya kama vimepata moto. Kisha washa injini. Ikishika mara ya kwanza, lipa fundi, valisha kila mtu jaketi la kuokolea, na mwende mkabambe. Ikikataa, angalau mko gatini.