Anwani Iliyogandishwa: Marekebisho ya Mipangilio ya Maghala ya Programu katika Taswira za Mifumo Endeshi

Makala hii inaeleza tatizo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, ilhali athari zake hutufikia sisi tunaohifadhi data za lugha. Taswira, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni nakala kamili ya mfumo endeshi pamoja na mipangilio yake, ambayo hutengenezwa mara moja na kunakiliwa katika kompyuta nyingi. Ghala la programu ni mahali katika seva ambapo mfumo huo huchukua programu mpya na viraka vya usalama. Anwani ya ghala huandikwa katika faili dogo ndani ya taswira. Taswira inapokamilika, anwani hiyo hugandishwa pamoja nayo; ghala lenyewe huendelea kubadilika.

CentOS Linux 8 ni mfano ulio wazi. Mfumo huu ulitolewa Septemba 2019, na watumiaji walitarajia utunzwe hadi mwaka 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kuwa utunzaji ungekoma tarehe 31 Desemba 2021. Mapema mwaka 2022 mafaili yake yaliondolewa katika maghala ya kawaida, yakabaki katika hifadhi ya matoleo ya zamani, vault.centos.org. Tangu hapo, kila kompyuta iliyotengenezwa kutokana na taswira ya awali, hata ikiwa ya jana, iliomba programu mahali pasipokuwa na kitu.

Suluhisho lililoenea ni kubadilisha anwani ielekee kwenye hifadhi hiyo. Ujumbe wa kosa hutoweka, na programu husakinika. Mtego umo humo. Hifadhi ina yale yaliyokuwapo hadi siku ya mwisho. Haipokei kiraka kipya hata kimoja. Katika maabara moja ya lugha niliyowahi kufanyia kazi, seva yenye rekodi za masimulizi ya wazee ilirekebishwa kwa njia hii. Kwa miezi mingi mfumo uliripoti kwamba hakuna cha kusasisha. Ripoti hiyo ilikuwa ya kweli, nasi tuliifasiri kuwa dalili ya usalama. Wazee wale walikuwa wameahidiwa kwamba majina yao na sauti zao havitatoka nje ya maabara.

Kwa hiyo yapasa kutofautisha marekebisho mawili. La kwanza hurudisha uwezo wa kusakinisha. La pili hurudisha utunzaji. Anwani ya hifadhi inafaa iwe daraja tu la kuhamia mfumo ambao bado unatunzwa. Kwa watumiaji wa CentOS, AlmaLinux na Rocky Linux, zote za mwaka 2021, zilianzishwa kwa ajili hiyo.

Debian inatupa suala linalomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Katika faili la maghala, toleo laweza kutajwa kwa jina lake, kwa mfano «bookworm», au kwa neno «stable», yaani toleo imara la wakati huo. Majina hayo, kwa taarifa tu, hutokana na wahusika wa filamu ya Toy Story. Jina huelekeza kwenye toleo lilelile daima. «Stable» hufanya kazi kama neno «leo», maana yake hutegemea siku linaposomwa. Taswira iliyoandikwa «stable» mwaka 2024 ilimaanisha Debian 12. Tangu tarehe 9 Agosti 2025 neno hilohilo lamaanisha Debian 13, na kompyuta yaweza kuvutwa kwenye toleo ambalo hakuna aliyelijaribu. Napendelea jina, ingawa nalo lina masharti yake. Kuanzia Debian 11, njia ya ghala la usalama ilibadilika kutoka muundo wa «buster/updates» hadi «bullseye-security». Fundi aliyebadilisha jina pekee alipata maghala mengine yote isipokuwa lile la viraka.

Marekebisho yafanywe ndani ya taswira, kwani kurekebisha kompyuta moja moja huacha chanzo cha kosa mahali pake. Jaribio lake ni jepesi: itengenezwe kompyuta mpya kutokana na taswira, iagizwe kutafuta masasisho, kisha isomwe anwani inayojibu na tarehe ya kiraka cha mwisho kilichopokewa. Kwa washauri wa sera, mikataba ya ununuzi itaje tarehe ya mwisho wa utunzaji wa mfumo na ofisi inayowajibika kwa taswira. Mikataba niliyoisoma hutaja ukubwa wa diski na dhamana ya chaja.

Seva ya maabara yetu hatimaye ilihamishiwa mfumo unaotunzwa, kazi ya siku mbili. Taswira ya zamani ilifutwa wiki iliyofuata, baada ya kubainika kwamba kompyuta mbili za wanafunzi zilikuwa zimetengenezwa kutokana nayo mwezi uleule.