Kilango Ndani ya Bomba la Moshi

Bomba la moshi la gari, ambalo mafundi huliita ekzosi, ndilo linaloamua sauti ya injini, kwa kuwa kila silinda inapofungua vali ya kutolea moshi, gesi yenye mgandamizo mkubwa huchomoka kwa mkupuo, na mikupuo hiyo ikifuatana upesi husikika kama mngurumo mmoja. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutoa mikupuo 100 kila sekunde, nayo sailensa huidhoofisha kwa kuipitisha katika vyumba ambamo mawimbi ya sauti hurudishana na kufutana.

Baadhi ya magari ya kisasa huwekewa humo kilango, yaani kisahani cha chuma kinachozunguka kwenye mhimili: injini ikienda taratibu hujifunga ili gesi ipite njia ndefu ya sailensa, na ikikazwa hufunguka ili gesi itoke bila kuzuiwa. Vilango vingi huendeshwa kwa ombwe, yaani mvuto unaotokana na injini kunyonya hewa. Mvuto ukikosekana, springi hukiacha kilango wazi. Ndiyo maana fundi akichomoa mpira wa ombwe na kuuziba, gari hunguruma muda wote, ingawa nguvu haiongezeki, kwa kuwa injini ilipohitaji kutoa gesi bila kuzuiwa kilango kilikuwa kikifunguka chenyewe. Kinachoongezeka ni kelele, na kila desibeli 10 zinazozidi ni nishati ya sauti mara kumi.

Kisahani cha namna hiyo kina kazi nyingine katika malori, yakiwemo yale yanayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi kuelekea Likasi. Dereva akiachia pedali ya mafuta na kuwasha breki ya ekzosi, kisahani huziba bomba, gesi hujikusanya, na pistoni zinazopanda kuitoa hulazimika kupambana nayo, hivyo lori hupungua kasi mteremkoni bila breki za magurudumu kupata moto na kupoteza mshiko.

Kwa hiyo, anayekilemaza kilango cha gari dogo huwasumbua majirani, lakini anayekilemaza cha lori lenye shehena huliondolea breki ya ekzosi.